Kitambaa cha Olimpiki kisicho na pete

Pete tano hazimo kwenye kitambaa chetu, na kila anayekiona ukutani huniuliza kwa nini. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi naandika hapa.

Olimpiki ilikuwa inakaribia, watoto wamefunga shule, nami fundi cherehani nina magunia ya mabaki ya vitambaa. Tukakubaliana kila nyumba ilete kiraka, tuviunge, kisha tuuze kitambaa kizima tununue mipira. Mchoro wa kwanza kuwekwa mezani ulikuwa zile pete. Nikakataa. Upo Mkataba wa Nairobi wa 1981 unaolinda alama hiyo: nchi zilizojiunga nao hutakiwa kuzuia pete zisitumike kibiashara bila idhini ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kama tunauza, tuombe ruhusa au tuziache. "Hata kwenye viraka?" akauliza mama mmoja. Hata kwenye viraka, mama.

Mzee mmoja alinuna. Alishachagua kitambaa cheusi, maana nyeusi ni Afrika. Hayo ya rangi na mabara tumeyasikia sote, lakini Pierre de Coubertin, aliyezibuni pete mwaka 1913, alieleza vingine: rangi zile tano, pamoja na nyeupe iliyo nyuma yake, zilitosha kupata rangi za bendera za mataifa yote ya wakati ule. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Coubertin amekwisha kufa na kitambaa cheusi kipo, kwa hiyo kitatumika. Kilitumika. Ndicho bitana.

Badala ya pete niliwaonyesha picha za chombo cha mwenge cha London 2012, kazi ya Thomas Heatherwick. Kila timu iliingia uwanjani na mtoto aliyebeba kipande cha shaba chenye umbo la ua. Vipande 204 vilipachikwa kwenye vyuma virefu, vikawashwa, vikainuka pamoja hadi moto ukawa mmoja. Michezo ilipokwisha vilichomolewa, kila nchi ikapewa chake. Kilichonivutia ni huko kuchomolewa, kwamba mtu alibuni kitu kikubwa namna ile akijua tangu mwanzo kitagawanywa.

Kwa hiyo hatukushona viraka pamoja. Tulitumia vifungo. Kila kiraka kina vifungo pande mbili na matundu pande mbili, kinamshika jirani yake na kumwachia. Faida yake niliijua tangu zamani: pamba hunywea ikifuliwa, poliesta hainywei, na ukizishona pamoja kitambaa hukunjamana baada ya maji ya kwanza. Vifungo havina ugomvi huo. Ila matundu! Cherehani yangu haitoboi matundu, tuliyazungushia uzi kwa mkono. Vijana waliokuja kutucheka ndio waliotoka na matundu safi kuliko yote, na wengine hawataki nilitaje hili.

Viraka vyenyewe sikuvipangia. Msichana mmoja alishona mguu uliofungwa bandeji: John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka kwenye marathoni ya Mexico 1968 na bado akaimaliza, wa mwisho. Mwingine alishona nyayo mbili tupu za Abebe Bikila, Mwethiopia aliyeshinda marathoni bila viatu, Roma 1960. Bibi mmoja alidai mambo ya michezo yamempita. Nikamwambia kuanzia 1912 hadi 1948 sanaa nayo ilikuwa na medali za Olimpiki, na mwaka 1948 John Copley wa Uingereza alipata ya fedha kwa mchoro wa kuchonga akiwa na miaka 73. Bibi, ambaye miaka hiyo aliipita zamani, akauliza yake ataipata lini. Kiraka chake ni duara la njano tu, na utepe.

Kuuza tukakuacha, kwa sababu kila mtu alitaka kiraka chake kirudi nyumbani. Mipira tulichangishana. Hapo mzee wa kitambaa cheusi akakumbuka: "Kama hatuuzi, si tungeweka pete?" Pengine. Lakini tulikuwa tumeshafunga kifungo cha mwisho, na hakuna aliyejitolea kufungua.

Kitafunguliwa baada ya sherehe ya kufunga Michezo. Aliyepoteza kifungo alete kingine cha ukubwa uleule. Mimi nimebakiwa na vyeupe tu.