Dogo wa kusafisha udongo

Mwaka 2007 huko Taean, pwani ya magharibi ya Korea Kusini, mvuvi kavuta pweza kumbe pweza mwenyewe kang'ang'ania sahani ya kijani. Wazamiaji wakashuka, wakakuta jahazi la enzi za Goryeo, ufalme wa kale wa Korea, limezama na vyombo zaidi ya 20,000 vya seladoni, yaani ufinyanzi wa kijani unaong'aa, na vibao vya mbao vinavyoonyesha mzigo ulitoka Gangjin, kulikofinyangwa vyombo hivyo, unaenda mji mkuu, Kaesong ya leo.

Mwandishi wa hadithi za watoto akiamua kukiandikia kisa hiki atakimbilia pweza, najua. Mimi ningemfuata dogo anayesafisha udongo kule Gangjin. Hadithi za namna hii zina haraka mno ya kumkalisha mtoto kwenye gurudumu la kufinyangia, sura ya tatu tu kashakuwa fundi, wakati utamu wote uko nyuma huko: unachimba udongo, unauvuruga kwenye maji, unasubiri mchanga utuame, unahamishia shimo jingine, unarudia tena mpaka ukiusugua vidoleni husikii chenga hata moja. Kuni ndo usiseme.

Halafu tanuri. Chombo kinachomwa mara mbili, ya pili kikiwa kimepakwa uji wa majivu na udongo wenye chuma kidogo, moto unapanda hadi nyuzi 1,200 hivi na wanaubana hewa makusudi, ndo kijani inatoka. Hewa ikipenya unapata kahawia, na huwezi kufungua uchungulie. Mjumbe wa China, Xu Jing, alifika Kaesong 1123 akaisifia rangi ile, na seladoni Wakorea walijifunza kwa Wachina, kwa hiyo si sifa ndogo hiyo.

Kisa chenyewe ningekiweka kwenye sanggam, yaani unachonga korongo kwenye chombo kibichi, unajaza udongo mweupe, na ule mwekundu ambao motoni unageuka mweusi, kisha unakwangua juu. Udongo wa kujazia ukisinyaa tofauti na wa chombo, mstari unapasuka. Sasa dogo aliharakisha kuchuja, anajua yeye peke yake, na tanuri limeshazibwa. Mfinyanzi hulia gaeni, sawa, ila safari hii magae ni ya mzigo wa ikulu.

Na jamani asiwe yatima anayeota ufundi, hao tumewachoka. Vijiji vile vilikuwa vya kazi ya serikali, ukizaliwa humo ndo umeshapangiwa. Nipeni mtoto asiyetaka kabisa ufinyanzi, ila mikono yake ndo inayoujua udongo kuliko ya kaka zake wote.