Siku niliyoifuta Windows XP

Nikisema natunza programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, watu huniona nimekaa gizani navumbua mambo. Kazi yenyewe inafanana zaidi na ya mlinzi wa ghala: kukagua, kufunga na kuwajibu wanaogonga mlango. Ninachokilinda ni maktaba ndogo ya msimbo inayobana na kufungua mafaili. Hutaiona popote kwa jina, maana imejificha ndani ya programu za wengine. Kuna kampuni inayoitumia ambayo hunilipa kwa siku mbili za wiki. Siku zilizobaki naziiba kwenye usingizi wangu.

Saa 12 asubuhi. Ripoti za watumiaji zilizofika usiku. Nafunga nane ambazo majibu yake yamo kwenye maelekezo, naacha tatu.

Saa 1:30. Majaribio. Kila badiliko la msimbo hujengwa upya na kujaribiwa kwenye mifumo 11. Leo kumi ni kijani na mmoja ni mwekundu. Sihitaji kuangalia ni upi.

Windows XP, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta, ilikoma kupata viraka vya kawaida vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu, tarehe 8 Aprili 2014. Sisi bado tunaihudumia, na sababu kubwa ni kwamba hakuna aliyewahi kuwa na moyo wa kuandika barua ya kuiaga. Gharama yake haionekani kwa mtu wa nje. Maktaba yetu hugawa kazi kwa nyuzi kadhaa, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba, ili iende haraka, na uzi mmoja unatakiwa kulala mpaka mwingine uuamshe. Windows ilileta njia yake yenyewe ya kufanya hivyo kuanzia Vista, toleo lililofuata XP. XP haina. Kwa hiyo miaka mingi iliyopita mtu alitutengenezea ya kwetu, mistari mia tatu na kitu, akaondoka zake. Inafanya kazi, ila mara moja moja wito wa kuamsha unapotea, uzi unalala milele na programu inaganda. Si kila mara. Ingekuwa kila mara ningekwisha kuipata.

Saa 3. Mwenzangu tunayetunza naye ananiandikia: "Mkuu, leo tuifute. Linux yenyewe iliacha 386." Ni kweli. Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianzia kwenye 386, prosesa ya Intel, mwaka 1991, na toleo la Linux la 3.8 la 2013 likatoka bila kuihudumia. Kama mwenye nyumba alikubali kubomoa chumba alichozaliwa mtoto, sisi ni nani?

Namjibu asubiri. Tangazo la nia yetu ya kuacha kuihudumia XP lina siku kumi tangu tulitoe, na asubuhi hii kuna mtu amelijibu.

Sasa huyu mtu. Ameandika aya tisa. Anaanza na "Ndugu watengenezaji", na kufikia aya ya nne tumekuwa "ninyi msiojali". Ana mashine ya kupimia sampuli maabara, inayoendeshwa na kadi ambayo dreva yake, programu ya kuifanya iongee na kompyuta, haikupata kutengenezwa kwa mfumo mwingine wowote baada ya XP. Aliyeiunda hayupo sokoni tena. Mashine ni nzima, inapima vizuri, na kuibadilisha ni kununua maabara upya. Hapo ninamwelewa kabisa. Lakini anaendelea: tumetekwa na makampuni, tunawalazimisha watu watupe vyombo vizima, programu huria ilikuwa ahadi.

Namjibu kwa adabu. Namuuliza anatumia toleo letu lipi. Anajibu aya tano kuhusu maadili. Namuuliza tena. Ananitumia picha ya mashine, nzuri kwa kweli, imefutwa vumbi. Mara ya tatu nauliza kwa sentensi moja tu, na saa 6 kasoro jibu linafika: toleo alilonalo ni la miaka sita iliyopita. Hajawahi kulibadilisha. Hana mpango wa kulibadilisha, kwa sababu maabara ina sheria kwamba kompyuta ile haiguswi.

Nikasimama, nikazunguka chumba mara mbili. Miaka sita nimepoteza asubuhi zangu kuponya XP kwa ajili ya watu ambao hata hawachukui dawa.

Nikamwandikia hivyo, nikafuta, nikaandika kistaarabu. Akajibu kwa kifupi kuliko siku zote: "Sawa kaka. Lakini mafaili tunayofungua yanaletwa na watu wa nje kwa flashi. Likipatikana tundu la usalama, nitakimbilia wapi?"

Swali zuri. Lingekuwa aya ya kwanza, tungemaliza saa 3.

Mchana sikuufuata tena kwa saa. Niliendesha XP ndani ya kompyuta ya kuiga nikijaribu kukamata ule mgando. Jaribio la 12 likapita. La 30 likapita. Nikiongeza mistari ya kuandika kumbukumbu, hitilafu inajificha, kwa sababu kuandika kwenyewe kunachelewesha nyuzi. Nikiitoa, inarudi. Macho yalikuwa yanawasha na shingo imekakamaa.

Nieleweke: si mpenzi wa kufuta vya kale ovyo. Kuna prosesa za SPARC ambazo hukataa papo hapo ukisoma namba ya baiti 4 kwenye anwani isiyogawanyika kwa 4, wakati x86, prosesa za kompyuta nyingi za kawaida, aghalabu husamehe. Mtu mmoja mwenye SPARC alituletea kosa la namna hiyo tukaona ni la kwake peke yake. Tulilirekebisha kwa kumridhisha tu. Baadaye kompaila mpya, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ikaanza kuunganisha usomaji wa namba kadhaa kwa mpigo, na msimbo wa aina ileile ukaanguka kwenye x86 za watu wengine. Yule mzee na mashine yake alikuwa ametuwahisha. Huduma ya SPARC inabaki, na sababu ni kwamba anaijaribu mwenyewe kila toleo na hutuletea viraka. XP haina mtu wa hivyo. Ina mimi.

Na namna ya kuaga ina uzito wake. Februari 2021 maktaba ya lugha ya Python iitwayo cryptography ilianza kuhitaji lugha nyingine, Rust, ili ijengwe, na watu wa mashine ambazo Rust haikuzifikia, kama zile za zamani zenye prosesa ya Alpha, wakajikuta nje. Hoja za usalama zilikuwa na nguvu. Wengi walichokilalamikia ni kugundua siku ujenzi ulipovunjika.

Jioni, sijui saa ngapi, ndipo wazo likaja, na ni la kipuuzi kiasi kwamba nilicheka peke yangu. Kwenye tawi la zamani, yaani toleo la nyuma litakalotunzwa kando, XP ipewe uzi mmoja tu. Pasipo nyuzi nyingi hakuna wa kuamshwa, na pasipo wa kuamshwa hakuna wito wa kupotea. Itakuwa polepole, lakini haitaganda. Toleo kuu lianzie Windows 10, na ile mistari mia tatu iende.

Nikamwandikia wa maabara: tawi la zamani litapata viraka vya matundu ya usalama kwa miezi 12, hakuna kipya kingine, na kujaribu kwenye mashine yake ni juu yake. Akauliza kama anaweza kunitumia matokeo kwa barua pepe. Nikasema ndiyo.

Mwenzangu akaidhinisha ufutaji kwa neno moja: "Hatimaye." Nikaanzisha jaribio la XP yenye uzi mmoja, mizunguko 200, nikasema nitalala likimalizika. La mwisho ninalolikumbuka ni la 140.