Binti aliyezamia

Wiki hii nimeisoma tena "The Cold Equations" ya Tom Godwin, hadithi fupi iliyotoka mwaka 1954 katika jarida la Astounding Science Fiction. Mara ya kwanza nilikuwa sekondari. Kitabu kilizunguka bweni zima hadi kikapoteza jalada, na zamu yangu ilipofika nilikimaliza kwa tochi.

Rubani Barton yuko peke yake katika chombo kidogo cha anga, anapeleka dawa sayari ya Woden kwa watu sita wanaougua homa. Mshale wa kipimajoto unamwonyesha kuwa ndani ya kabati la stoo mna kitu chenye joto la mwili. Anatoka Marilyn, binti wa miaka 18, aliyezamia ili akamwone kaka yake Gerry, miaka kumi hawajaonana. Anadhani atatozwa faini, basi. Ataifanyia kazi, hata kupika atapika. Kumbe mafuta yamepimwa yamfikishe rubani na mzigo wake tu. Akibaki, chombo kitaanguka, na wale sita watakosa dawa. Sheria ni moja: mzamiaji hutupwa nje.

Bwenini tulibishana mpaka tukafokewa na kiranja. Mimi nilikuwa upande wa hesabu: mafuta hayana huruma, wa kulaumiwa hayupo. Maneno makubwa hayo kwa mtu ambaye hata nauli alikuwa bado anaombea nyumbani.

Safari hii nimekwama mlangoni. Binti aliingiaje? Palikuwa na kibao tu cha kukataza wasiohusika. Hakuna aliyesimama pale, wala aliyelifungua kabati kabla ya safari, ingawa walijua fika kuwa atakayezamia atakufa, na rubani amepewa silaha kwa kazi hiyohiyo. Halafu hayo mafuta! Dawa ya kuokoa roho za watu inatumwa bila akiba ya kuvumilia uzito wa msichana mmoja? Hata dereva wa lori la mitumba hutupia dumu la ziada nyuma ya kiti. Godwin anataka tuione sheria ya maumbile. Mimi naona bajeti ya mtu fulani ofisini.

Labda ni kwa sababu nimekulia jirani na bandari. Vijana wa mtaani kwetu walizamia meli. Wapo waliotuma picha wamevaa makoti mazito, wapo ambao mama zao hawakusikia neno tena. Mwaka 1992 mabaharia wa meli ya mizigo MC Ruby waliwaua wazamiaji waliopandia Takoradi, Ghana, na kuwatupa baharini. Mmoja, Kingsley Ofosu, alijificha mpaka meli ikafika Le Havre, Ufaransa, akaenda kuripoti. Meli ile haikuwa na shida ya uzito. Waliogopa faini ya kuingiza wazamiaji.

Na bado hadithi imenishika koo. Sikukumbuka kabisa vile viatu vyake vyeupe vya wazi, vyenye vito vya bandia, vya bei rahisi. Wala zile barua anazoandika huku saa inakwenda, moja ya wazazi, moja ya kaka. Gerry anapatikana redioni dakika za mwisho, na sauti yake inafifia kwa sababu Woden inazunguka na kambi yake inakwenda upande wa pili. Hapo hesabu ya Godwin haina dosari, na ndipo inapouma.

Inasimuliwa kwamba Godwin alikuwa akibuni njia za kumwokoa Marilyn, na mhariri wake, John W. Campbell, akawa anamrudishia kazi mpaka binti afe. Kwa hiyo mafuta yangeweza kutosha. Mwandishi aliyatafuta, mhariri wa jarida akakataa.