Kisamvu cha babu

Binti yangu alivyokaribia miaka miwili akakataa chakula. Sio kwamba alikuwa anaumwa, anacheza vizuri tu, anakimbia, ila sahani ikitua mbele yake anafumba mdomo anageuza shingo. Na huyu ndo mtoto ambae akiwa na miezi minane alikuwa anakula kila kitu, boga, uji wa ulezi na karanga, vile viazi lishe vya rangi ya chungwa nilivyokuwa namponda na parachichi, vyote vinaenda. Afu ghafla tu, kitu kikiwa cha kijani hakitaki, dagaa hataki, maharage anayatoa moja moja kwa ulimi anayapanga pembeni. Kilichobaki ni maziwa, chipsi na wali mweupe ambao haujaguswa na mchuzi.

Hii ni 2018, tunaishi Dar. Mwezi wa sita nikampeleka kliniki kwa ajili ya matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, zile wanazotoa kila Juni na Desemba. Nesi akampima uzito akanionyesha kadi, bado yuko kwenye kijani ila mstari umelala, haupandi. Akasema tumpime na wingi wa damu, ikaja 10.2. Yule nesi alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, akaniambia, "Mama, mtoto wa umri huu tunataka 11 kwenda juu. Hajafika pabaya, ila tusisubiri afike." Akaniandikia dawa ya maji ya madini chuma, akanikalisha akanielewesha vizuri kabisa, na mpaka leo namshukuru kwa muda alionipa maana foleni nje ilikuwa ndefu. Akasema mtoto akishavuka mwaka kasi ya kukua inapungua na hamu ya kula nayo inashuka, hiyo ni kawaida, ila maziwa yakiwa mengi yanajaza tumbo na yenyewe madini chuma hayana ya maana, kwahiyo mtoto anashiba huku damu inashuka. Chai asipewe pamoja na chakula kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini, ila mboga ikikamuliwa ndimu au mtoto akila na chungwa inaingia vizuri zaidi.

Hayo yote nikayaelewa. Sasa ukishayaelewa unarudi nyumbani kwa mtoto yule yule aliyefumba mdomo.

Nyumba nzima tukawa tunambembeleza. Dada wa kazi anamwekea katuni kwenye simu, mi nakuja na kijiko, baba yake anaimba anapiga makofi, jirani akipita nae anachungulia anasema "kula mama, kula ukue", na mtoto katikati pale anatuangalia tu. Mlo mmoja unachukua saa nzima na kinachoingia tumboni ni vijiko viwili, kimoja anakitema. Kuna siku nililia jikoni kimya kimya, nimeshika sahani ya mchicha uliopoa, kwa sababu kumuona mtoto wako anakonda na chakula kipo ndani ni kitu kibaya sana, asikwambie mtu.

Mwezi wa saba baba yangu akaja kutoka Muheza kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nikampokea Ubungo, kashuka kwenye basi na kiroba cha machungwa, nazi, na furushi la majani machanga ya mhogo kayafunga na kanga ya mama. Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge, si mtu wa maneno mengi. Binti yangu kapewa jina la mama yangu, kwahiyo baba alivyoingia tu ndani akamsalimia, "Mke wangu hujambo?" na yule mtoto akajificha nyuma ya mlango.

Jumamosi iliyofuata ndo siku yenyewe. Asubuhi baba akasema majani yasilale tena, yatakwisha ladha. Tukaazima kinu kwa jirani, tukatandika mkeka uani, mi na dada tukaanza kuchambua, unatoa vikonyo unabakiza jani laini. Baba kakaa na sisi anachambua pia, jicho moja kafumba maana lile bovu lilikuwa linamsumbua kwenye mwanga. Mtoto akaja akasimama. Baba hakumwita, hakumsemesha, akasogeza tu rundo dogo upande wake akaendelea na kazi. Baada ya muda yule mtoto akachuchumaa akaanza kunyofoa majani, anachana vibaya, vikonyo vingine anavitia kwenye majani mazuri, dada akataka kumsahihisha baba akatikisa kichwa. Vidole vyake vikawa vya kijani hadi kwenye kucha. Huyu ambae tukimwekea jani la mchicha kwenye sahani analia.

Tukatwanga na vitunguu saumu mpaka ikawa laini kabisa, nikaibandika. Nikachukua mfuniko baba akanikataza, "Kisamvu hakifunikwi mwanangu, acha kichemke wazi." Na ni kweli, majani ya mhogo yana sumu, yakitwangwa vizuri na kuchemka muda mrefu bila kufunikwa inatoka na mvuke. Ikachemka ile harufu ya majani mabichi ikaisha, nikatia tui jepesi na dagaa waliokwisha kuoshwa na kutolewa vichwa, mwisho tui zito, nikakoroga moto mdogo lisikatike. Nyumba nzima ikanukia nazi.

Mchana baba akasema tule wote pale pale uani kwenye mkeka, ugali kwenye sinia na kisamvu katikati. Mi kama kawaida nimeshika kibakuli cha mtoto chenye wali wake na kijiko chake, nataka nimkalishe pembeni nianze shughuli. Baba akaniambia taratibu, "Weka hapo chini. Kaa ule."

Nikakaa. Baba anamega ugali, anafinyanga, anachovya, anakula, hana haraka. Mtoto kasimama begani kwake anaangalia ule mkono unavyoenda na kurudi.

"Babu, nini?"

"Kisamvu changu."

"Nipe."

"Aa, hiki cha babu. Wewe si una wali wako pale mke wangu?"

Akaendelea kula. Moyo wangu unadunda, nataka kusema baba mpe basi ameomba mwenyewe, mume wangu ananiangalia na mimi namwangalia, hakuna aliyesema kitu. Mtoto akakaa. Akasogea. Akapeleka mkono mpaka ukingo wa sinia akaurudisha. Baba bila hata kumtazama akamega kitonge kidogo ukubwa wa kunazi, akachovya, akakiweka upande wa mtoto juu ya sinia, halafu akaanza kuongea na mume wangu habari za bei ya machungwa, wafanyabiashara wanavyokuja mpaka shambani wananunua kwa bei ya kuumiza.

Akakichukua. Akakitia mdomoni, akakunja uso, akakitema mkekani.

Mi nikataka kunyanyuka, baba akaweka mkono gotini kwangu akaendelea na machungwa yake. Akakitoa kile kilichotemwa bila neno lolote, akaweka kingine. Kikakaa pale. Kikakaa, tunakula, tunaongea, mpaka nikajua imeshindikana, ndo nikaona kile kimkono chenye vidole vya kijani kinakuja kinakibeba, na safari hii akatafuna, akameza, akasema "nyingine". Baba akamwambia, "Chovya mwenyewe." Akachovya mkono mzima hadi kwenye kiganja, kisamvu kikamshuka mpaka kwenye kiwiko, akalamba. Alikula kidogo tu, tusidanganyane, labda vijiko vinne vitano ukikusanya, ila alikula kwa mkono wake na hakuna aliyemwomba. Nikamenya chungwa la Muheza nikaliweka pale katikati bila kusema la nani, nae akachukua pande lake kama wengine.

Jioni nikamuuliza baba alijuaje. Akakaa kimya kwanza, afu akasema, "Mwanangu, huyu tangu nimekuja namuona anakula peke yake. Saa kumi na mbili analishwa, nyie mnakula saa tatu yeye kalala. Hajawahi kumuona mtu anakula mboga, atajuaje kama inaliwa? Nyie wote mlikula kwa kutuona sisi. Na mkimkazia macho wote vile anaogopa, hata mimi mkinikazia hivyo sili." Kwa kweli lile la kwanza liliniingia sana, kwa sababu ndivyo nyumba nyingi za mjini tunavyoishi, mtu unatoka kazini na foleni unafika usiku, mtoto kashalishwa na dada mbele ya TV.

Tukabadilisha. Jioni mmoja wetu lazima awahi kufika, tunakula pamoja saa moja, chakula kimoja, maziwa yakawa vikombe viwili kwa siku na baada ya chakula sio kabla. Mi naamua nini kinapikwa, yeye anaamua ale kiasi gani, akikataa naondoa sahani bila ugomvi na sitafuti chipsi za kufidia. Kuna milo hakugusa kitu na ilikuwa ngumu mno kwangu kukaa kimya. Mchicha ulichukua muda mrefu kuliko kisamvu, dagaa wakikaangwa wakawa wakavu anawapenda, wa mchuzi hawataki. Dawa ya damu nae aliimaliza yote na najua nayo ilifanya kazi yake, siwezi kusema ni mkeka peke yake.

Mwezi wa tisa damu ilikuwa 11.4 na mstari kwenye kadi umenyanyuka. Nikampigia baba simu Muheza, jicho limeshapona, akacheka akasema mwambie mke wangu majani mengine yanakuja na basi la kesho. Sasa hivi yuko shule ya msingi, anachambua kisamvu haraka kuliko mimi, ila bamia hali mpaka leo, naiweka mezani, anaipita, na tunaendelea kula.