Daftari la majina ya kisayansi: kutoka mkarafuu hadi mkoko

Mwezi huu nimelipanga upya daftari langu kwa vipande vya Kigiriki badala ya majina kamili. Kipande kimoja ukikijua, unaanza kusoma majina ambayo hujapata kuyaona.

Nilianzia shambani, hapa Wete. Mkarafuu ni Syzygium aromaticum, na syzygos ni waliofungwa nira moja. Kata kijiti utazame: majani yametoka yakikabiliana, jozi juu ya jozi, hadi pale makonyo yanapoanza. Tangu nilijue jina hili siwezi kupita chini ya mkarafuu bila kuinua macho.

Kipande kilichonifurahisha zaidi ni -pus, kutoka pous, mguu. Pweza ni Octopus, miguu minane. Popo wetu wa Kidike ni Pteropus voeltzkowi. Pteron ni bawa. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, popo na pweza wana undugu gani?" Hawana. Ni mguu tu uliotajwa kote kuwili. Nikamwambia aitamke helikopta polepole: helix ni mzunguko wa parafujo, na -pta ni lile bawa la popo.

Sasa anawinda mwenyewe. Kanijia na fosforasi kutoka somo la kemia skuli: phos ni mwanga, phoros ni mbebaji. Basi tukaenda ufukweni maji yalipokupwa, maana mkoko ni Rhizophora mucronata, na rhiza ni mzizi. Mbeba mizizi! Mizizi inaachana na shina juu kabisa ya tope, na mche umekwisha kurefuka kama kijiti cha kijani ungali unaning'inia kwenye tunda, mtini.

Majina ya watu nimeyatengea ukurasa wake. Voeltzkowi ni Alfred Voeltzkow, mtafiti wa Kijerumani. Kirkii, kwenye kima punju wa Jozani, ni John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza Unguja. Lakini Piliocolobus ya kima huyo nimeiacha kwenye Kigiriki: kolobos ni kilichokatwa, na dole gumba lake kweli ni kibutu tu.

Zamu inayofuata ni ya ng'amba, Eretmochelys imbricata. Eretmon ni kasia, chelys ni kobe. Kisha paa nunga, Cephalophus adersi: kephale ni kichwa, lophos ni kishungi.