Dakika mbili za kimya

Jana kikaoni tulipofika kwenye "mengineyo", ikatajwa kwamba mwenzetu kafiwa na mama yake, msiba uko Korogwe. Nani atakusanya mchango? Kimya. Watu wakainamia simu, mmoja akakoroga chai aliyokwisha kuikoroga. Nikajiapiza moyoni kwamba safari hii sisemi. Nikasema.

"Asante dada, tulijua tu hutatuangusha."

Usiku huu nimekaa kitandani nalinganisha meseji za M-Pesa na majina daftarini, na anayenijia kichwani ni Lise Vesterlund, mchumi wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Mwaka 2017 yeye na wenzake watatu walichapisha jaribio linalofanana mno na kikao chetu. Watu walio chumba kimoja wanapangwa watatu watatu kwenye kompyuta, hakuna anayejua kapangwa na nani. Wana dakika mbili. Mmoja akibofya, yeye anapata dola 1.25 na wenzake dola 2 kila mmoja. Asipobofya mtu, wote wanaambulia dola 1. Raundi 10. Wengi wanavutana hadi sekunde za mwisho, na chumba kikiwa na mchanganyiko, wanawake wanabofya kwa asilimia 48 zaidi ya wanaume.

Ningeishia hapo ningejipa sifa: sisi tuna huruma bwana! Ila walipowaweka wanaume peke yao na wanawake peke yao, tofauti ikayeyuka. Kumbe mwanamume akiangaza chumbani asione dada hata mmoja, kidole chake kinafanya kazi vizuri tu.

Kwenye kutoa pesa nako, Vesterlund na mchumi mwenzake James Andreoni walishaonyesha mwaka 2001 kwamba wanaume walielekea kutoa vyote au kutotoa kabisa, wanawake wakipenda kugawana sawasawa. Daftari langu si utafiti, lakini humu kina dada ni elfu kumi, elfu kumi, elfu kumi. Kina kaka kuna laki moja ya mtu mmoja, kisha "nitatuma mwisho wa mwezi" zimepangana kama foleni ya daladala.

Saa nne na dakika kumi meseji imeingia kwenye grupu: "Dada, gari la Korogwe Jumamosi nani anashughulikia?"

Nimeifungua. Sasa ni saa nne na nusu. Watu kumi na wanne wameisoma, na mimi nimo.