Kunakili CD za muziki haraka: muda unapotelea wapi

Draivu iliyoandikwa 48x (mara 48 ya kasi ya kusikiliza) haikimbii 48x tangu mwanzo. Diski husomwa kuanzia ndani kwenda nje, na draivu nyingi huizungusha kwa mizunguko ileile muda wote, kwa hiyo wimbo wa kwanza hutoka kwa takriban 20x na kasi hupanda kadiri lenzi inavyokaribia ukingo. Ukiona programu imeanza na 18x, kompyuta yako haina tatizo. CD ya dakika 60 iliyo safi inapaswa kumalizika ndani ya dakika tatu hadi tano.

Ikichukua dakika ishirini, basi angalia kwanza namna programu inavyosoma. Kwenye Exact Audio Copy (EAC), programu ya Windows ya kunakili CD, mtindo wa Secure husoma kila kipande angalau mara mbili na kulinganisha. Draivu yenye kache (kumbukumbu ya muda ya data iliyosomwa) huleta balaa hapa: usomaji wa pili ungetoka kwenye kache badala ya diski yenyewe, hivyo programu hulazimika kusoma data nyingine ili kuisafisha kache kabla ya kurudia. Lenzi inakwenda na kurudi, na kasi inaporomoka.

Dawa yake ni kutumia mtindo wa Burst pamoja na AccurateRip, hifadhi ya mtandaoni ya matokeo ya watu walionakili CD. Burst husoma mara moja tu bila kusimama. Kisha AccurateRip hulinganisha hesabu ya ukaguzi (namba fupi inayokokotolewa kutoka data) ya kila wimbo na zile zilizotumwa na watu wengine wenye CD hiyohiyo. Zikilingana, hakuna sababu ya kusoma tena, maana draivu tofauti na nakala tofauti zimetoa data ileile. Wimbo usiolingana ndio pekee unaorudiwa kwa Secure. Kabla ya hapo draivu lazima iwe imesawazishwa: weka CD maarufu inayotambulika na AccurateRip, EAC itapata yenyewe tofauti ya usomaji (offset) ya draivu yako, yaani jinsi inavyotangulia au kuchelewa kidogo kuanza kusoma.

Shida ni kwamba CD nyingi za taarab na dansi zilizouzwa mitaani kwetu ni CD-R zilizochomwa kwenye kompyuta, na hizo usitarajie kuzikuta kwenye hifadhi ile. Kwa hizo tumia Test & Copy ukiwa bado kwenye Burst: wimbo unasomwa wote mara mbili na hesabu mbili za ukaguzi (CRC) zinalinganishwa. Kwenye draivu yenye kache, hata hivyo utaishinda Secure kwa mbali. Na zinakilini mapema, kwa sababu rangi ya CD-R hufifia kwa mwanga na joto.

Diski chafu hupunguza kasi kuliko mpangilio wowote mbovu. Ifute kwa kitambaa laini, mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa mzunguko. Mfumo wa kusahihisha makosa wa CD unaweza kufidia pengo la kama milimita 2.5 kwenye njia ya data; mkwaruzo unaokatiza njia ni mfupi, lakini ule unaofuata mduara ni mrefu kupita uwezo huo. Mkwaruzo upande wa maandishi ni mbaya zaidi, kwani tabaka linaloakisi mwanga liko chini tu ya rangi ya maandishi hayo.

Diski ikiendelea kukwama, punguza kasi. Kwa 8x inayosoma bila kurudia utamaliza mapema kuliko 40x inayorudi nyuma kila sekunde. Kwenye Linux amri ni `eject -x 8 /dev/sr0`.

Draivu nyembamba za laptopu na za USB kwa kawaida huishia 24x. Ichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja, si kwenye habu: umeme ukipungua, draivu hujizima na kuwaka katikati ya kazi. Na tundu la zamani la USB 1.1 halitakupa hata 8x.

Kubana kuwa FLAC (faili dogo lisilopoteza ubora wa sauti) hakuchelewi siku hizi, mradi usomaji usisubiri. Kwenye EAC washa foleni ya ubanaji nyuma ya pazia. Kwenye Linux, programu ya kunakili iitwayo abcde hufanya hivyo yenyewe:

`abcde -N -x -j 4 -o flac`

`-N` huzuia maswali, `-x` hutoa diski ikimalizika, `-j 4` huendesha ubanaji wa nyimbo nne kwa pamoja. Ukiwa na rundo la CD, draivu ya pili ina faida kuliko kichakataji kipya: fungua terminali mbili, moja na `-d /dev/sr0`, nyingine na `-d /dev/sr1`.